Maisha ya Elizabeth Kenny, mama aliyetumia mikono kuondoa maumivu

Katika namba hii tumeona vema kuwaelezea maisha ya mama mmoja aliyekufa zamani, lakini kazi yake haijafa. Jina lake ni Elizabeth Kenny. Alizaliwa mbali sana na sisi, kule Australia. Tulimchagua yeye kwa sababu ya mabishano yanayosikika kati yetu kila mara mwaka wa masomo unapokaribia mwisho.

Wenzetu wa darasa la 6 wanaulizana: kisha diploma ya Etat tutafanya kazi gani? Wamoja wanasema ualimu, wengine sheria, wengine uganga. Kuna pia kazi ya kukanda watu wenye maumivu, kunyoosha viungo vilivyokaza na kumfundisha mgonjwa kutembea tena, kazi ile inayoitwa kineziterapi. Akitaja mtu kazi hiyo, wengi wanacheka. Wanasema: kukanda ni kazi ya mama wazee kijijini, mtu aliyesoma hawezi kuharibu diploma yake kwa kushika miguu ya watu.

Sisi hatukubali maneno hayo. Kila mmoja wetu anajua mtu anayetembea kwa mikongojo, ao anayesukuma kinga ya magurudumu 3 kwa mikono yake, juu ya polio iliyomshika akiwa mtoto mdogo. Tumuulize yeye kama kazi ya kushika miguu ni kazi ya kucheka. Basi sikilizeni habari za mama Kenny, kisha mtaamua ninyi wenyewe.

UTOTO WAKE

Elizabeth Kenny alizaliwa tarehe 20 Septemba 1880 karibu na Warialda, katika jimbo la New South Wales. Baba yake alitoka Ireland, alikuwa mkulima. Jamaa ilihamahama pahali mbalimbali kutafuta kazi na mashamba, na kwa sababu hiyo Elizabeth hakusoma sana. Tena alikua msichana mwenye nguvu na mwili mkubwa, aliyejua farasi kuliko vitabu.

Akiwa kijana alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika mkono pahali pa kifundo. Wakampeleka mjini Toowoomba kwa mganga mpasuaji, Aeneas McDonnell. Msiba ule ulimfungulia njia. Wakati wa kungoja mkono upone, msichana yule alianza kutazama vitabu vya mganga vyenye picha za mifupa na misuli. Alitaka kujua kila musuli unaanzia wapi, unaishia wapi, na unavuta mfupa gani. Mganga McDonnell hakumfukuza. Alimwacha asome, na tangu siku ile akawa rafiki na mshauri wake kwa miaka mingi.

Hapa tuseme ukweli bila kuficha. Elizabeth Kenny hakupata kamwe diploma ya uuguzi. Watu wametafuta jina lake katika madaftari ya wauguzi walioandikishwa, hawakulipata. Inaonekana kwamba alijifunza kwa kusaidia tu katika hospitali ndogo ya wazazi kule Guyra. Kule Guyra pia alifanya biashara ya kutafutia wakulima soko la mazao yao katika mji wa Brisbane. Kisha akavaa nguo za muuguzi, akaanza kutumika pembeni ya kijiji cha Nobby, katika jimbo la Queensland, pahali jamaa yake ilipokuwa imekaa. Alikuwa akienda juu ya farasi kutoka shamba mpaka shamba, kuzalisha wanawake, kufunga vidonda na kukesha na wagonjwa. Kukosa diploma kulimletea taabu maisha yake yote, na tutaona namna gani.

SIMU YA MWAKA 1911

Mwaka 1911, kama alivyosimulia mwenyewe kisha miaka mingi, aliitwa kwa mtoto mdogo wa kike katika nyumba ya mbali. Mtoto alikuwa na homa. Mguu na mkono vilikuwa vimejikunja, na kila mtu alipojaribu kuvigusa alipiga kelele kwa maumivu. Kenny hakujua ugonjwa gani. Akapiga simu ya telegrafu kwa mganga McDonnell. Jibu likaja: ni ugonjwa wa kupooza wa watoto, dawa yake haijulikani, afanye awezavyo kufuatana na yale anayoyaona.

Kabla ya kuendelea tueleze kidogo ugonjwa wenyewe. Polio inatoka kwa virusi inayoingia kwa kinywa, kwa maji ao chakula kilichochafuliwa na mavi ya mtu mwenye virusi hiyo. Watoto wengi wanaoipata hawaonyeshi alama yoyote. Lakini kwa mtoto mmoja hivi kati ya 200, virusi inafika katika uti wa mgongo na kuua chembechembe za mishipa ya fahamu zinazotoa amri kwa misuli. Musuli usiopata amri hauwezi kutumika. Ndiyo maana mguu unalegea na kukonda. Tena wakati wa homa misuli mingine inakaza sana, na mkazo huo una maumivu makali.

Kenny hakujua haya yote. Alijua misuli tu, sababu alikuwa ameijifunza katika vitabu vya rafiki yake. Aliona misuli ya mtoto imekaza. Akafikiri: kitu kilichokaza kinalegezwa kwa joto. Alijaribu mfuko wa chumvi ya moto, haukusaidia. Alijaribu dawa ya kubandika, ikamwumiza mtoto zaidi. Kisha akachukua blanketi ya sufu, akaikata vipande, akavitia katika maji ya moto, akavikamua sana, akavizungusha juu ya misuli ile. Mtoto akanyamaza, akalala usingizi.

Jambo hilo halitashangaza mama zetu. Nani kati yetu hajaona mama aliyezaa akikandwa kwa kitambaa na maji ya moto na mama mkubwa wa nyumba? Joto na mkono vilikuwa dawa ya kwanza ya watu wote. Lakini Kenny hakuishia kwa joto. Maumivu yalipopungua, alianza kushika kiungo polepole na kukipeleka namna kinavyopaswa kwenda, huku akimwomba mtoto aweke akili yake pahali pale pale pa musuli na kujaribu kusaidia. Alikuwa akimfundisha musuli upya, kama vile mwalimu anavyomshika mtoto mkono kumwonyesha kuandika herufi a.

McDonnell aliposikia kwamba watoto waliotunzwa hivi wanatembea, alishangaa sana. Kwa maana waganga wa wakati ule walifanya kinyume kabisa.

VITA NA CHEO CHA SISTER

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Kenny aliingia katika kazi ya wauguzi wa jeshi la Australia. Alitumika katika meli zilizokuwa zikirudisha askari waliojeruhiwa kwao. Mwaka 1917 alipewa cheo cha Sister. Wasomaji wetu wasikosee hapa: katika hospitali za Kiingereza Sister si mtawa, ni muuguzi mwenye kusimamia wengine. Mama Kenny alilipenda jina hilo, akalishika mpaka kufa, na dunia nzima ikamwita Sister Kenny.

Kisha vita alirudi Nobby. Hakuolewa. Alimpokea msichana mmoja aitwaye Mary, akamlea kama binti yake, na Mary huyo alijifunza kazi ya mama yake mpaka akawa fundi wa kwanza kati ya mafundi wake. Siku moja mtoto wa jirani aliumizwa vibaya na jembe la kuvutwa na farasi. Kenny alitengeneza machela ya kumbeba asitikisike njiani. Machela hayo aliyaita Sylvia, akayaandikisha serikalini mwaka 1927, yakauzwa katika nchi mbalimbali. Fedha zilizotoka pale zilimsaidia kuishi na kuwatunza wagonjwa.

NYUMA YA HOTELI, TOWNSVILLE

Wakati huo, mtoto akipata polio, waganga walimfunga. Walisema: musuli wenye afya unavuta kwa nguvu kuliko ule uliopooza, kwa hiyo mfupa utapindika, dawa ni kuzuia kiungo kisitikisike hata kidogo. Basi waliweka mguu katika mbao na plasta, mara mingi kwa miezi mingi. Watoto wengine walifungwa mwili mzima juu ya kitanda cha chuma. Makusudi yao yalikuwa mema. Lakini mbao zilipofunguliwa, wengi walikutwa na mguu uliokauka kama fimbo na viungo visivyokunjika.

Mwaka 1932 Sister Kenny alianza kutunza wagonjwa wa namna hiyo katika mji wa Townsville, kaskazini ya Queensland. Hakuwa na jengo. Alitumika nyuma ya hoteli, chini ya hema na paa za muda. Alikuwa akiondoa vyuma na mbao, akiwaogesha wagonjwa kwa maji ya moto, akiwakanda kwa sufu, akitikisa viungo vyao polepole, akiwatia moyo wajaribu wenyewe. Wazazi walileta watoto kutoka mbali. Wengine hawakuwa na polio, walikuwa na ugonjwa wa kukaza viungo unaotoka kwa kuumia kwa ubongo wakati wa kuzaliwa. Aliwapokea wote.

Serikali ya Queensland ilipendezwa. Mwaka 1934 ilimsaidia kuonyesha kazi yake mjini Brisbane, na kisha pale zahanati za Kenny zikafunguliwa katika miji mbalimbali. Mwaka 1937 alisafiri mpaka Uingereza, akapewa nafasi ya kutumika katika hospitali ya Queen Mary's kule Carshalton.

Tueleze namna alivyokuwa akifanya, maana wanaotaka kazi hii watapenda kujua. Sufu ilipashwa kuchemshwa, kisha kukamuliwa mara mbili mpaka isitoe hata tone moja la maji. Sufu yenye maji inachoma ngozi. Sufu iliyokamuliwa inatoa joto bila kuchoma. Ilikatwa kufuatana na umbo la musuli, na viungo kama goti na kiko vikaachwa wazi ili viweze kukunjika. Juu yake kikawekwa kitambaa kisichopitisha maji, na juu tena sufu kavu ya kulinda joto. Sufu zilipopoa zilibadilishwa, tena na tena, mchana kutwa. Kenny hakusugua musuli wenye maumivu kwa nguvu, alisema kusugua kwa haraka kunamwumiza mgonjwa na kukaza zaidi. Tazameni basi: hata kukanda kuna sheria zake, na asiyezijua anaweza kuharibu.

MABISHANO NA WAGANGA

Waganga wengi hawakumkubali. Wamoja waliona haya kufundishwa na mwanamke wa kijijini asiye na diploma. Lakini wengine walikuwa na sababu za haki, na sisi hatutaki kuwadharau. Walisema: kati ya wagonjwa wa polio kuna wengi wanaopata nguvu tena wao wenyewe, hata bila kutunzwa, Sister Kenny anajuaje kwamba ni mikono yake iliyowaponya? Walimwomba hesabu: wagonjwa wangapi, wa hali gani, walioponyeka wangapi. Yeye hakupenda hesabu. Alipenda kuwaonyesha mtoto anayetembea.

Kamati ya waganga iliyowekwa na serikali kuchunguza kazi yake ilitoa hukumu mwaka 1938. Hukumu ilikuwa kali. Walisema kuacha kufunga viungo ni kosa kubwa la hatari. Mtu mwingine angefunga mlango na kurudi shambani. Kenny alikuwa na miaka 57. Lakini hospitali kubwa ya Brisbane ilimpa nafasi ya kuwatunza wagonjwa wapya, na waganga wamoja waliokuwa wakimtazama kwa macho yao kila siku walianza kugeuka. Hao ndio waliomshauri aende Marekani, na serikali ya Queensland ikamsaidia kusafiri.

MAREKANI

Alifika San Francisco mwaka 1940, pamoja na Mary. Kule Marekani polio ilikuwa hofu ya kila nyumba. Hata rais wao wa wakati ule, Franklin Roosevelt, alikuwa amepooza miguu tangu mwaka 1921. Pamoja na hayo, mlango haukufunguka upesi. Alipita mji kwa mji, na wakubwa wa uganga wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamwaga. Alikuwa karibu kurudi kwao alipofika Minneapolis, katika jimbo la Minnesota.

Pale alikutana na waganga 3: Miland Knapp, John Pohl na Wallace Cole. Hao hawakumwuliza kwanza diploma yake. Walimpeleka kwa kitanda cha mgonjwa, wakasema aonyeshe. Akaonyesha. Maumivu ya mgonjwa yalipungua, na waganga waliona kwa macho yao misuli iliyokaza, jambo ambalo hawakuwa wamelitazama vizuri mbele. Mwaka 1941 Cole na Knapp waliandika habari hiyo katika gazeti la waganga wa Marekani. Mwaka ule ule shirika kubwa la taifa la kupigana na polio likakubali matunzo yake. Tarehe 17 Desemba 1942 nyumba yenye jina lake, Sister Kenny Institute, ilifunguliwa mjini Minneapolis.

Kutoka pale kazi ikaenea. Wauguzi, waganga na wakandaji walikuja kujifunza, kisha wakarudi katika miji yao. Hospitali nyingi zikaacha mbao na plasta. Kenny alitaka mafundi wake wafundishwe kwa muda mrefu, si kwa majuma machache, na juu ya neno hilo aligombana na wale waliotoa fedha. Mwanamke yule asiye na diploma ndiye aliyesimama kusema kwamba kazi hii haiwezi kufanywa na mtu aliyejifunza haraka haraka! Nadhani alijua sababu kuliko wote.

Sifa zikamfuata. Mwaka 1943 kitabu cha maisha yake kilitoka, na mwaka 1946 filamu juu yake. Mwaka 1950 bunge la Marekani lilimpa ruhusa ya kuingia katika nchi bila viza. Mwaka 1951 Wamarekani walipoulizwa mwanamke gani wanamheshimu kuliko wote, jina lake lilikuwa la kwanza, mbele ya Eleanor Roosevelt. Alijulikana kwa mwili wake mrefu, nywele nyeupe na kofia kubwa kubwa.

KOSA LAKE

Sasa tufike kwa jambo linalotufundisha zaidi, kwa fikira zetu.

Sister Kenny hakuridhika kusema: mikono yangu inasaidia. Alitaka pia kueleza ugonjwa. Alisema kwamba polio inakaa katika misuli na ngozi, na kwamba waganga walikosea kutafuta katika mishipa ya fahamu. Hapo alikosa. Waliotazama uti wa mgongo wa watu waliokufa kwa polio waliona wazi chembechembe zilizoharibika. Waganga walipomwonyesha kosa lake alikasirika. Alikuwa mtu mwenye maneno makali. Aliyemkubali nusu tu alimhesabu kuwa adui. Mwaka 1944 kamati ya waganga wa Marekani ilitoa taarifa nyingine ya kumpinga, ikisema amedai makubwa kuliko anayoweza kuonyesha. Hata rafiki zake walichoka.

Tena tuseme wazi: mikono yake haikuponya polio. Chembe ya mshipa wa fahamu iliyokufa hairudi. Mguu uliopoteza amri zote haukupata nguvu hata kwa sufu elfu. Alichofanya ni kuondoa maumivu, kuzuia viungo visikauke na visipindike, na kuamsha misuli iliyobaki na uzima kidogo ili mgonjwa aitumie. Si jambo dogo. Kwa mtoto, ni tofauti kati ya kulala na kusimama.

Basi ni nani aliyekuwa na haki? Waganga walikuwa na haki juu ya ugonjwa, wakakosa juu ya matunzo. Kenny alikuwa na haki juu ya matunzo, akakosa juu ya ugonjwa. Wao walijua kitabu lakini hawakuweka mkono vya kutosha juu ya mgonjwa. Yeye aliweka mkono lakini alikosa kitabu. Kama pande zote mbili zingaliketi pamoja tangu mwaka 1932, watoto wangapi wangeepuka miezi ile katika plasta? Sisi tukifikiri hivyo, roho zetu zinauma.

KUFA KWAKE

Mwishoni mikono ile iliyotuliza wengi ilianza kutetemeka. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1951 alirudi Toowoomba, mji ule ule alipopelekwa zamani na mkono uliovunjika, na pale akafa tarehe 30 Novemba 1952. Alizikwa Nobby, karibu na mama yake.

Mwaka ule wa kufa kwake polio ilipiga Marekani kuliko miaka yote: watu karibu 58,000 walishikwa. Lakini msaada ulikuwa karibu. Tarehe 12 Aprili 1955 ilitangazwa kwamba chanjo ya Jonas Salk inazuia polio, na kisha ikafuata chanjo ya matone ya Albert Sabin, ile wengi wetu tuliyoitia kinywani. Kwa njia ya chanjo, tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba virusi ya polio ya asili imekwisha katika Afrika. Tusilale lakini. Aina nyingine ya virusi, iliyogeuka kutoka katika ile ya chanjo ya matone, inapata njia pahali watoto wengi hawakuchanjwa, na kisha mwaka ule imeendelea kupooza watoto katika nchi yetu. Mikono inasaidia kisha ugonjwa kupita. Chanjo inaukataza kuingia. Mwenye ndugu wadogo nyumbani akumbuke.

TUJIFUNZE NINI?

Wamoja watasema: mmeona, mama Kenny hakuwa na diploma, basi na sisi tunaweza kukanda watu bila kusoma. Hapana. Maisha yake yanasema kinyume. Alitumia karibu miaka 30 akigonga milango kwa sababu hakuweza kueleza kazi yake kwa lugha ya waganga. Anayesoma leo hataanza pale alipoanzia yeye.

Kazi ya kukanda imekuwa kazi ya kusomewa tangu zamani. Mwaka 1894 kule London wauguzi 4 wanawake waliunda chama cha wakandaji waliofundishwa, ili kutenga kazi hiyo na watu wadanganyifu waliokuwa wakiiharibia jina. Mwaka 1920 chama kile kilipata hati ya mfalme, na kutoka kwake kikatokea chama cha leo cha kineziterapi cha Uingereza. Nyumba ya Minneapolis nayo inaendelea na kazi ya kurudisha viungo, leo kwa jina la Courage Kenny, hata kama polio imekwisha kule. Maana wagonjwa hawakosi: mtu aliyepooza upande mmoja juu ya mshipa uliopasuka katika ubongo, aliyevunjika kwa ajali ya barabara, mama mwenye maumivu ya mgongo kwa kubeba mizigo, mtoto aliyezaliwa na mguu uliopindika. Watu hao wako katika mitaa yetu, tunawapita kila siku tukienda masomo.

Anayetaka kazi hiyo, tunamshauri aanze sasa. Asome biolojia vizuri, asiache somo la mifupa na misuli kwa kusema ni majina magumu tu ya kukariri. Msichana wa Toowoomba aliyasoma bila kulazimishwa na mtu. Asome pia fizika, maana mkono na mguu vinatumika kama fimbo za kuinulia mizigo. Tena ajifunze kuvumilia. Dawa ya sindano inamalizika dakika moja, lakini kiungo kilichokaza kinaombwa kila siku, miezi na miezi, na siku zingine hakijibu kitu.

Tena aangalie mikono yake mwenyewe. Je, inaweza kumshika mtu mwenye maumivu bila haraka na bila kinyaa? Kama ndiyo, asione haya mbele ya wenye kucheka. Wale waliocheka kule Queensland, majina yao tumeyasahau.

Tunawatakia wote mitihani mema.

Kamati ya gazeti